Gari la Muteti Lilikuwa kwa P

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye na vijana nyumbani awaite wakae karibu na redio, hata kama watanuna. Saa hii ni ya kumkumbuka mtu wetu mmoja, na habari yake inataka masikio yote mawili.

Mimi ni Nthambi. Leo tunamkumbuka marehemu Muteti, fundi wa mawe, wa hapa Kitengela upande wa machimbo. Muteti mume wa Phylis. Muteti baba yake Kaloki. Mwaka umepita tangu atutoke. Alifia chini ya gari lake mwenyewe, katika uwanja wake mwenyewe, Jumamosi mchana, jua likiwaka na majirani wakianika nguo. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka Muteti, fundi wa mawe, aliyefia chini ya gari akibadilisha oili ya giaboksi.

Mama Phylis yuko hapa studio pamoja nami. Amekaa upande wa dirisha, leso mapajani. Maikrofoni ameikataa. Ameniambia, "Nthambi, sema wewe. Mimi nitatingisha kichwa ukikosea." Kwa hivyo mkisikia nimenyamaza kidogo, mjue namwangalia yeye.

Tuanze na Muteti mwenyewe, kabla ya gari.

Alitoka Kilungu akiwa kijana wa nyundo moja na suruali mbili. Alifika Kitengela wakati ukisimama barabarani unaona swara, na nyumba ya jirani ni ya kuelekezwa kwa kidole. Akaingia machimboni. Akachonga mawe. Hizi nyumba mnazolala, wasikilizaji wa Kitengela, nyingi zina jiwe lililopita mkononi mwake, na hamjui.

Jiwe alilijua kwa sikio. Aligonga na nyundo, akainamisha kichwa. Jiwe zima hulia kama kengele ya shule. Jiwe lenye mshipa ndani hutoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Phylis anasema hata sokoni Muteti aligonga matikiti hivyo hivyo, mpaka akina mama wanauliza, "Baba Kaloki, unanunua ama unajenga?"

Ploti yake aliijenga peke yake. Nyumba yake, vile vyumba vitatu vya wapangaji, choo, ukuta wa kuinua tangi la maji kule chini kando ya geti. Uwanja aliumwagia saruji kutoka mlangoni mpaka geti, akauinamisha kidogo sana kuelekea geti, ili mvua ikinyesha maji yatoke yasilale mlangoni. Ukitembea hapo huwezi kujua kwamba unateremka. Maji yanajua. Na gurudumu linajua. Hilo nitalirudia baadaye.

Sasa gari. Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, ya zamani, automatiki. Wale wasiojua, gari la automatiki halina klachi ya mguu. Unaweka herufi D, linaenda. R, linarudi nyuma. P ni ya kuegesha. Ukiweka P, gari linakaa. Ndivyo sisi wote tunavyosema. Ukiweka P, gari linakaa.

Muteti alilipenda hilo gari kama mtoto aliyezaliwa wa mwisho. Hata hivyo lilikuwa limezeeka, na lilimwaibisha Krismasi. Walikuwa wanapanda milima ya Kilungu, ndani wako yeye, Phylis, Kaloki, mama mzee wa Muteti, yaani nyanya yake Kaloki, na kuku wawili. Katikati ya mlima gari likakataa. Injini inalia, gari halivuti. D inashika inaachilia, inashika inaachilia. Wakashuka wote isipokuwa nyanya na kuku. Muteti akajaribu rivasi. Rivasi ikashika. Basi akaligeuza gari, akapanda mlima wote kinyumenyume, shingo imepinda kama kuku anayemeza, nyanya akiwa kiti cha mbele anaangalia alikotoka.

Kijiji kizima kilitoka. Ndugu yake Muteti, anaitwa Makau, akapiga makofi akasema, "Karibu nyumbani, kaka. Tumeona mgongo kwanza, uso tutaona mwaka ujao."

Phylis hapa anatabasamu. Ni mara ya kwanza leo.

Walirudi Kitengela polepole. Gereji moja, sitaitaja, ikamwambia oili ya giaboksi imeungua, wakakaa na gari siku nzima, wakasema wamebadilisha. Muteti alipofika nyumbani akavuta kijiti cha kupimia. Oili ya giaboksi ikiwa mpya ni nyekundu kama juisi. Ile ilikuwa nyeusi, na inanuka ugali ulioungua. Hawakuwa wamebadilisha kitu. Muteti hakurudi kugombana. Alisema tu, "Nyumba nilijenga mwenyewe. Hii pia nitafanya mwenyewe."

Hapo ndipo anaingia Wanyonyi. Wanyonyi ni mpangaji wao, chumba cha kati, mtu wa Bungoma, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, anaondoka kabla jogoo hajamaliza na kurudi giza. Jumamosi anapumzika. Ndiye aliyekuwa na video kwa simu za watu wakitengeneza magari huko ng'ambo. Wakakaa kwa ngazi ya mlango, vichwa vimegusana juu ya simu, chai ikipoa.

"Ona, mzee," Wanyonyi anasema, "huyo ameinua gari mbele, ameweka vile vyuma vya kusimamishia chini yake, halafu ndio akaingia."

"Sasa hivyo vyuma ni vya nini?"

"Ndio gari isimwangukie."

"Huko hawana mawe?"

"Mzee Muteti, nyinyi Wakamba mnaamini jiwe kuliko benki."

"Benki imewahi kukubebea nyumba, wewe? Leta simu. Kunywa chai yako ukinyamaza, vile nyinyi Waluhya mnanyamaza mkila kuku."

Walikuwa hivyo. Kila Jumamosi ni kutaniana, na Phylis akiwasikia kutoka ndani alijua mume wake ana furaha.

Muteti alichagua mawe manne ya kujengea, ya machimbo yetu haya haya. Aligonga moja moja. Yote yalilia vizuri. Akainua gari mbele kwa jeki, akapanga mawe mawili upande huu na mawili upande ule, akashusha gari likakaa juu ya mawe. Akaingia chini, akafungua bolti, oili nyeusi ikamwagika kwa karai. Akaweka mpya. Lakini oili ya giaboksi haitoki yote mara moja. Nyingi inabaki imejificha ndani. Lazima uendeshe gari kidogo, halafu umwage tena, halafu tena, mpaka ile nyekundu ianze kushinda. Kwa hivyo alirudia, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Na gari likapona. D ikaanza kushika bila kusita. Muteti alimpeleka Phylis mpaka Kajiado na kurudi, akiimba nyimbo za kanisa mkono mmoja dirishani. Alimwambia, "Mama Kaloki, Krismasi hii nitapanda Kilungu nikiangalia mbele."

Ilibaki kazi moja. Kufungua sampu yote, ile bakuli ya chini ya giaboksi, na kubadilisha filta iliyo ndani. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya siku ile.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nisikilizeni polepole.

Zile Jumamosi zote za kwanza, Muteti aliegesha gari mkia ukiwa umegusa ukuta wa tangi. Hiyo Jumamosi ya mwisho alitaka mwangaza zaidi chini ya gari. Akalitoa ukutani. Pua ikaelekea mlango wa nyumba, mkia ukaelekea geti lenyewe. Akaliweka kwa P. Akazima injini. Handibreki, ile breki ya mkono, ilikuwa imekufa zamani, na hakuna aliyejali, kwa sababu gari liko kwa P. Akainua mbele. Akapanga mawe yake. Akaligonga kila jiwe. Phylis alikuwa anajitayarisha kwenda mkutano wa akina mama kanisani, na alizisikia zile kengele nne, wazi kabisa, akajua mawe ni mazima. Akampita akiwa chini. Akamwambia, "Chakula kiko kwa sufuria, usingoje kipoe." Muteti akasema, "Sawa. Niombeeni hii bolti moja, imekataa kama punda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Wanyonyi alikuwa ametoka kuteka maji. Aliporudi na mtungi, mawe yalikuwa yamelala ubavu, gari limesogea kwenda upande wa geti, pua imeshuka. Akapiga kelele. Watu wakainua gari kwa mikono, wanaume, wanawake, hata mama wa kuuza maziwa aliyekuwa anapita njia na shuka lake begani. Waliinua. Muteti alikuwa ameshaondoka.

Phylis ametingisha kichwa. Ngoja. Anasema nimekosea. Anasema, "Sema pia spana ilikuwa bado kwa mkono wake." Basi nimesema. Spana ilikuwa bado mkononi mwake.

Tulimzika Kilungu. Na matangani ndipo jambo lingine lilianza.

Wote walidhani mawe yalivunjika. Hata mhubiri alisema jiwe humsaliti mtu. Lakini Kaloki, huyo kijana, naye ni mpakiaji wa mawe machimboni, alikuwa ameyaangalia yale mawe manne moja moja. Hakuna lililovunjika. Hata pembe haikubanduka. Akasimama mbele ya watu akasema, "Baba hakukosea jiwe. Msiseme alikosea jiwe."

Makau, yule ndugu mtani, siku hiyo hakuwa na utani. Akauliza mbele ya kaburi, "Kama jiwe halikuvunjika, na gari ilikuwa kwa P, na injini imezimwa, ni nani aliisukuma?"

Swali likakaa. Mnajua swali kama hilo likikaa kwa matanga linavyofanya. Watu walianza kuhesabu nani alikuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni Wanyonyi. Aliyeleta video ni Wanyonyi. Hakuna aliyemshtaki. Waliacha tu kumsalimia. Kaloki akaacha. Na Phylis, nimemwomba ruhusa ya kusema hili, naye akaacha. Wanyonyi akawa anaingia geti kama mtu anayepita kwa ploti ya watu asiowajua, kichwa chini, maji anateka kwa jirani.

Waliomwondolea Wanyonyi lawama waliitupia gari. Walisema gari lina kitu. Gari limetembea lenyewe likiwa kwa P. Watoto mpira ukiingia chini yake wanauacha hapo, wananunua mwingine. Mama wa maziwa akabadilisha njia. Anasimama nje ya ua, anasalimu kwa Kimaasai, "Supa, Mama Kaloki," na Phylis anaitikia na kumpelekea chupa huko huko nje. Alikuja mnunuzi mmoja kutoka Embulbul, akalizunguka gari mara moja, akaongea na mtu kwa geti, akaondoka bila kuuliza bei.

Kila mvua ikinyesha, doa la oili kwenye saruji linaamka. Phylis alisugua na sabuni, na mchanga, na majivu. Likikauka halionekani. Maji yakigusa tu, linatoka tena, na rangi zake za zambarau na kijani, kama jicho la mnyama. Alihamisha kitanda akakipeleka upande ambao dirisha haliangalii uwanja. Hata hivyo anasema alikuwa akilala anasikia saruji ikikwaruzwa polepole, kama kitu kizito kinavutwa. Anaamka, anaenda mlangoni, gari liko pale pale.

Nilimuuliza, "Uliogopa gari?" Akasema, "Hapana. Niliogopa lile swali la Makau. Kwa sababu mtu akikuuliza nani alisukuma, na huna jibu, hujui umlinde mtoto wako dhidi ya nani."

Na kweli wasikilizaji, wa kulindwa alikuwepo. Maana mwaka ulipokaribia kuisha, Kaloki alimwambia mama yake, kwa ile lugha ya vijana ambayo gari ni ndai, "Mathe, hiyo ndai nitaimaliza. Ni filta tu imebaki. Tukienda ibada ya kumbukumbu Kilungu, nyanya atapanda mlima na gari ya baba, na tutaenda tukiangalia mbele."

Phylis akasema, "Kaloki, mwaitu, hapana." Kwa Kikamba mwaitu ni mama yangu, na akina mama wetu humwita mwana hivyo wakimbembeleza.

"Mama, gari haina pepo."

"Sijasema ina pepo."

"Sasa unaogopa nini?"

 Hiyo ndiyo shida aliyokaa nayo Phylis wiki zile. Angekuwa na jibu angelitumia kama kamba akamfunga nalo. Hakuwa na jibu. Alikuwa na hofu tu, na hofu ya mama, vijana wetu wanaiona kama kelele ya redio, samahani. Mimi pia niko na wawili wanaolala chini ya magari ya watu kila wikendi, na wakinisikia naanza, wanavaa vile vitu vyao vya masikioni.

Kwa hivyo Jumamosi ikafika. Gari lilikuwa pale lilipoachwa, pua kwa mlango, mkia kwa geti. Kaloki akaangalia lever ya gia. P. Akaridhika. Akainua mbele kwa jeki. Akaleta mawe ya baba yake, yale yale manne, akayagonga. Yakalia kama kengele. Phylis alikuwa anachambua mboga ndani. Anasema alipozisikia zile kengele, mboga ilimwanguka.

Akatoka nje. Kaloki ameshapanga mawe upande mmoja, upande mwingine gari bado liko juu ya jeki. Ametandika gunia, amelala chali, bega limeshaingia chini, anasukuma kichwa kifuate.

"Kaloki."

"Mama, rudi ndani."

"Kaloki, nataka kukuambia kitu."

"Niambie nikiwa huku, nakusikia."

"Toa kichwa uniangalie."

Akapumua kwa nguvu, vile wanapumua wakichoka na sisi. Akajivuta akatoa kichwa, amwangalie mama yake, amalize hiyo kesi. Na Phylis, ili ainame amwone uso, akaegemea gari. Akaweka kiganja juu ya boniti. Anasema hakusukuma. Aliegemea tu, vile unaegemea ng'ombe ukiongea na mtu.

Na gari likaenda.

Likaenda nyuma, pole, bila sauti ya injini, bila mtu ndani, likiwa kwa P. Jeki ikalala. Mawe yakaanguka ubavu. Pua ikashuka kwa saruji na kishindo ambacho wapangaji wote walikisikia. Kaloki alijiviringisha. Gunia lilibaki chini. Kwa gunia, pale ambapo kifua chake kingekuwa, chuma kilikuwa kimekaa.

 Phylis anasema walibaki wanaangaliana, yeye amesimama mkono bado uko hewani, kijana amekaa kwa saruji amekumbatia magoti kama alivyokuwa mdogo. Halafu Kaloki akasema, polepole sana, "Mama. Ni wewe umeisukuma."

"Nimegusa tu."

"Iko kwa P, mama."

"Nimegusa tu."

Nani alimwita Wanyonyi, hawakumbuki. Mlango wa chumba cha kati ulikuwa umefunguka kwa kile kishindo, na yeye alikuwa amesimama hapo na taulo shingoni, hajui kama anaruhusiwa kukaribia. Kaloki akamwambia, "Wanyonyi, kuja uone." Mwaka mzima hawakuwa wamesemeshana.

Wanyonyi akaja. Kitu cha kwanza akaenda nyuma, akabananisha magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Halafu wakainua gurudumu moja la mbele, kidogo, bila mtu kuingia. Akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akajaribu kulizungusha. Limeshikwa. P inalishika. Wakashusha. Wakaenda nyuma, wakainua gurudumu moja la nyuma. Wanyonyi akaligusa kwa kidole. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka, kama la baiskeli ya mtoto.

Wasikilizaji wapendwa, hili ndilo jibu la swali la Makau. Nitalisema mara mbili.

Kwa gari kama lile, ambalo injini inavuta magurudumu ya mbele, P inashika magurudumu ya mbele peke yake. Ukiyainua hewani, P inashika hewa. Magurudumu ya nyuma yako huru. Kinachozuia gari ni handibreki, au kitu ulichobananisha nyuma ya magurudumu, au hakuna kitu.

Narudia. Ukiinua mbele ya gari hilo, hakuna P tena. Lever inasema P, na gari halina habari.

Zile Jumamosi za kwanza, Muteti alishikiliwa na ukuta wa tangi. Ukuta ndio ulikuwa handibreki yake, naye hakujua. Siku alipolitoa hapo mkia ukaelekea geti, hakukuwa na kinachoshika gari isipokuwa uzito wake juu ya mawe. Mawe yalikuwa mazima. Mawe yanajua kubeba kitu kinachoshuka chini. Hayajui kushika kitu kinachoondoka.

Kaloki akauliza, "Sasa nani alisukuma?"

Wanyonyi akainama. Aliangalia chini ya gari, pale palipo ile bolti iliyokataa. Mpaka siku hiyo ilikuwa bado imekataa. Na wote watatu wakaelewa kwa pamoja. Muteti aliivuta spana kwa nguvu zote za mikono ya mchonga mawe, kuelekea geti. Alijivutia gari mwenyewe.

Hakukuwa na mkono wa mtu. Hakukuwa na pepo. Kulikuwa na mume wa Phylis, na bolti, na uwanja ulioinama kidogo.

Wanyonyi ndipo akakaa kwa ngazi ya mlango, pale walipokuwa wakikaa na mzee. Akatoa simu. Ile video bado alikuwa nayo. Akaifungua, wakaiangalia pamoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yule mtu wa ng'ambo anainua gari, anaweka vyuma, anaingia, anafungua bolti, anacheka. Wanyonyi akasema, "Nimeangalia hii kitu mara ngapi sijui. Kamera inaangalia mikono yake. Inaangalia mikono tu. Nyuma ya gari haijaonyeshwa hata mara moja. Pengine alikuwa amebana. Pengine hapo kwao hata hakuna mteremko." Halafu akasema, "Nilikuwa nalala najiuliza kama ni mimi. Hata mimi nilikuwa najiuliza."

Phylis akaingia ndani akamletea chai.  Akamwekea sukari nyingi, kama anavyopenda, akakaa karibu naye.

Nimenyamaza kidogo. Namwangalia. Amekubali niendelee.

Mtauliza gari limeishia wapi. Liko pale pale. Kaloki alinunua vyuma vya kusimamishia, akatengeneza handibreki kabla ya kitu kingine chochote, akabana nyuma, akatoa ile sampu. Filta ilikuwa imeziba kabisa, nyeusi. Aliimaliza kazi ya baba yake. Ibada ya Kilungu walienda na hilo gari, wakapanda mlima wakiangalia mbele, nyanya akiwa kiti cha mbele. Makau aliwapokea. Kaloki akamweleza yote, kando, nyuma ya nyumba. Makau akauliza Wanyonyi hakuja kwa nini. Wakampigia simu hapo hapo.

Lakini nisiwadanganye kwamba yamekwisha. Phylis anasema kile kiganja chake cha kulia hajui akiweke wapi. Hataki kuegemea kitu. Akiongea na mtu barabarani na kuna gari limeegeshwa, anashika mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa. Na akipita gereji za kando ya barabara ya Namanga, akiona viatu vimetokeza chini ya gari, anasimama. Hawezi kupita. Anangoja mpaka viatu visogee. Mafundi wamemzoea, wanamtania, "Mama, bado tuko hai." Anawaambia, "Sawa, basi nasonga." Kesho yake anasimama tena.

Kwa niaba ya kituo hiki na wasikilizaji wetu wote, kutoka Kitengela mpaka Laiser Hill mpaka Kajiado mjini, tunakupa pole, Mama Phylis. Pole, Kaloki. Pole nyanya huko Kilungu, na wewe Makau. Na pole, Wanyonyi, uliyeomboleza mwaka mzima peke yako kwa chumba cha kati bila mtu wa kukushika mkono. Mungu amlaze Muteti mahali pema, pahali palipo sawasawa, pasipoinama.

Nanyi mnaonisikia, leo ni Jumamosi. Najua katika ploti nyingi saa hii kuna gari limeinuliwa pua, na kuna mtu wenu amelala chini yake. Baba. Mume. Kijana uliyemzaa. Mnasema liko kwa P, na mnaendelea na nguo zenu. Acheni nguo. Mtu atoke nje aangalie magurudumu ya nyuma yameshikwa na nini. Atafute jiwe, abane. Na ukifika hapo, hata kama una hofu namna gani, usiliegemee gari. Usiliguse hata kidogo.

Simama mbali kidogo. Mwite kwa jina lake. Halafu ngoja aitike.